Jibu: Ununuzi wa haki tuanzie wapi?

Mkuu, umeuliza taasisi yenu ndogo ianzie wapi kununua kwa haki bila kuajiri mtaalamu. Anzieni kabatini, kwenye faili za mwaka jana. Nilipofungua za ofisi yetu ya zamani nilikuta proforma (karatasi za bei kabla ya kununua) tatu za maduka matatu "tofauti", zote zimeandika "karatas" bila i. Mkono mmoja huo umeziandika zote, ushindani wa uongo! Halafu lipeni kwa wakati. Mama wa vitafunio akisubiri hela yake siku 90 anakopa kwa riba, nanyi mnajisifu kuinua wanawake. Sheria ya ununuzi ya Kenya ya 2015 inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Nyie si serikali, ila kuiga ruksa. Na wino wa printa wa bei poa, ulizeni kwanza unachapa kurasa ngapi.