Kwa Wanagenzi wa Gari la Kazi: Betri Haijai kwa Sababu tu Mmeendesha

Kwa mara nyingine tena nimemshuhudia mwanagenzi akizima injini, akagusisha mita kwenye terminali za betri ya nyuma, ile inayolisha zana, akasoma volti 13.1 na kutangaza kwa furaha kwamba betri imejaa. Kabla ya adhuhuri inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ilikuwa inapiga kelele na chaja zote za zana zimezimika. Simlaumu sana, kwa kuwa kosa hilo lina ukoo mrefu katika kazi yetu na mimi ni mmoja wa mababu zake. Nimechoka tu kulieleza huku nimeshika nyaya za kubusti, ndiyo maana naliandika.

1. Volti inayosomwa mara baada ya kuchaji ni ya juujuu. Iacheni betri ya asidi ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, kisha mpime: kwenye 12.7 imejaa, kwenye 12.2 imebaki karibu nusu, na kwenye 12.0 mmeshachelewa. Pimeni asubuhi kabla ya kugusa ufunguo.

2. Pigeni hesabu kabla ya kutoka. Betri ya zana ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta na chaja, itachukua kama ampea-saa 9 kutoka betri ya gari. Mkichaji nne, zimekwenda 36, ilhali betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu kila siku. Yule aliyechomeka birika la wati 2000 kisha akaniuliza kwa nini nyaya zimepata moto anajijua. Inveta ilikuwa inavuta zaidi ya ampea 160 kwa ajili ya chai yake, na betri ya asidi ikivutwa kwa kasi hiyo hutoa pungufu ya kile kilichoandikwa ubavuni mwake.

3. Altaneta ya gari la kisasa, yaani jenereta inayozungushwa na injini, haifanyi kazi kwa ajili yenu. Hapa sina budi kuungama. Nilipobadilishiwa gari, nilihamisha relei, swichi ya umeme inayounganisha betri ya injini na ya nyuma, pamoja na nyaya zake kutoka gari la zamani, nikajisifu kwa kuokoa gharama. Katika gari lile, altaneta ilitoa volti 14 na ushei muda wote injini ikinguruma, na relei ikapitisha umeme hadi nyuma bila maswali. Gari jipya lilikuwa na altaneta inayotawaliwa na kompyuta: betri ya kuwashia injini ikishapata nguvu, kompyuta hushusha volti ili kupunguza matumizi ya mafuta, na huipandisha zaidi dereva anapoachia mafuta au kufunga breki. Kila asubuhi taa ya kijani ya relei iliwaka, nami nikaichukua kuwa ushahidi. Sikupima hata mara moja.

Betri zangu mbili za nyuma ziliishi katika hali ya nusu tumbo hadi salfeti ya risasi ikaganda kwenye bamba zake. Kazi iliyokuwa ikimalizika jioni ikaanza kukatika alasiri, kisha mchana. Nilimwandikia muuzaji barua ndefu ya malalamiko, yenye maneno ambayo leo nayaonea aibu, nikanunua jozi nyingine na kuifunga kwenye mfumo uleule, nayo ikafa kifo kilekile. Mzee aliyekuwa akihudumia dukani alikubali kuja kuliangalia gari. Aliniambia niwashe injini, akasubiri kimya kwa muda, akapima betri ya nyuma na kupata 12.9. Kisha akaufuata waya wangu: milimita 6 za mraba, mita tano kwenda na tano kurudi. Ukipitisha ampea 30 humo, karibu volti 0.9 hupotea njiani hata altaneta ikiwa na nia njema. Alitoa ile barua mfukoni, akaigeuza upande usioandikwa, akanifanyia hesabu hiyo juu yake na kuniachia.

Dawa ilikuwa chaja inayopokea umeme wa altaneta, hata ukiwa mdogo, na kuupandisha hadi volti ambazo betri inazihitaji. Ifungeni karibu na betri ya nyuma kwa waya mnene, wa milimita 16 za mraba au zaidi kwa urefu kama huo, na fyuzi ziwekwe pande zote mbili, kwa sababu kila upande kuna betri inayoweza kuuchoma waya.

4. Hata kwa chaja hiyo, nusu saa ya safari haijazi kitu. Chaja ya ampea 30 itawapa ampea-saa 15 tu, tena mkibahatika. Betri ya asidi hupokea kwa pupa hadi kama asilimia 80, kisha sehemu iliyobaki huingia polepole kwa saa nyingi, na ukiiruka kila siku salfeti hupata nafasi yake. Chomekeni chaja ya umeme wa jengo kila usiku, wala msisubiri mwisho wa wiki.

5. Inveta hula hata bila mzigo, izimeni. Msifunge betri mpya sambamba na kuukuu. Betri za maji hutoa haidrojeni zikichajiwa, kwa hiyo ziwe na hewa.

6. Wapo wanaoniambia lithiamu itamaliza haya yote. Ni kweli hupokea chaji haraka na huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 ya ujazo wake, lakini inadai chaja yenye mpangilio wake na haichajiwi chini ya nyuzijoto 0. Ikiunganishwa moja kwa moja, huvuta umeme mwingi kiasi cha kuikaanga altaneta, hasa gari likiwa limesimama huku injini ikizunguka taratibu. Aliyekwisha kuifunga kwenye relei ya zamani aniletee gari kabla hajaliwasha.