Kabla Hujailaumu Koili, Vua Mfuniko Wake

Msomaji mmoja ameandika kwamba ditekta yake ya kutafutia dhahabu imepagawa: ikigusa nyasi inalia, ikigonga jiwe inalia, akiiinua juu inatulia. Fundi kamwambia koili, ile sahani ya chini inayonusa metali, imekufa, atafute nyingine. Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Mashine inayotulia hewani na kupiga kelele ikiguswa, mara nyingi ndani ni nzima. Ina uchafu, au waya umelegea, au plagi imeota kutu, na yote hayo yanatengenezeka bila kufungua boksi la mashine.

Kwanza tenganisha ugonjwa wa mashine na ugonjwa wa ardhi, maana hapa ndipo wengi wanatibu kisicho kibovu. Zima simu, vua pete na saa. Laza mashine juu ya meza ya mbao isiyo na misumari, koili ikining'inia nje ya ukingo. Weka usikivu katikati, kisha gonga koili kwa ncha za vidole: juu, chini, pembeni. Ikilia, kosa liko kwenye mfuniko, waya, plagi au koili yenyewe. Isipolia, lakini porini inanguruma kila ukiishusha chini, mashine haina kosa. Hujaisawazisha na udongo, na hilo lina sehemu yake huko chini.

Sasa mfuniko, ule wa plastiki unaokinga tumbo la koili. Katikati yake na koili huingia vumbi na mchanga mweusi, ambao sehemu kubwa ni magnetaiti, yaani madini ya chuma. Mchanga ukitulia, mashine inauzoea. Koili ikigonga jiwe, mchanga unasogea kidogo tu, na kwa mashine hicho ni chuma kinachotembea kikiwa kimegusana na koili kabisa. Italia, na itakuwa haijakosea. Vua mfuniko kwa kuanzia ukingo mmoja kwa kidole gumba, usitumie bisibisi. Sugua pande zote mbili kwa maji na mswaki wa zamani, acha vikauke kabisa, rudisha. Unyevu uliobaki unaleta kelele zilezile. Mfuniko uliolegea uzungushie seloteipu ya plastiki ukingoni ili vumbi lisiingie tena. Seloteipu ya plastiki, siyo ile ya bati inayong'aa: hiyo ni aluminiamu na utakuwa umejitegea shabaha mwenyewe.

Baada ya mfuniko ni waya. Waya wa koili una shaba ndani, na ukipepea karibu na koili, koili inauona. Mzunguko wa kwanza upite juu ya fimbo, usining'inie chini. Endelea kuuzungusha hadi kwenye boksi, ufunge kwa velkro sehemu mbili au tatu. Karibu na koili acha mkunjo mdogo wa kutosha kuiinamisha mbele na nyuma bila waya kuvutika. Wapo wanaoukaza kama kamba ya gitaa ili upendeze, halafu miezi michache baadaye nyuzi zinakatika pale waya unapoingia kwenye koili.

Plagi nayo ina mambo yake. Zima mashine kabla ya kuichomoa. Angalia pini na matundu: ukijani ni kutu ya shaba, weusi ni uchafu wa jasho na vumbi. Safisha kwa pamba iliyoloa spiriti, pini moja baada ya nyingine, subiri dakika kumi ikauke. Usipake mafuta ya aina yoyote, yanakamata vumbi na kulifanya tope. Pete ya kufungia ikazwe kwa vidole tu. Anayetumia koleo hapo ndiye atakayeandika kesho kwamba plagi inazunguka bure.

Kama bado inalia, tafuta waya uliokatika ndani. Laza koili kwenye meza isitikisike, vaa hedifoni, kunja waya kidogokidogo kila baada ya sentimita 10 kuanzia kwenye koili hadi kwenye plagi. Mahali mlio unapokatika au kupasuka ndipo nyuzi zilipovunjika. Karibu kila mara ni sehemu mbili: mdomoni mwa koili au nyuma ya plagi. Ya nyuma ya plagi inatengenezeka. Piga picha rangi za waya kabla hujagusa kitu, kata kipande kibovu, sentimita 3 zinatosha, kisha lehemu kila waya kwenye pini yake. Ule wavu wa shaba unaozunguka waya zote ufike kwenye pini yake bila kugusa nyingine, kwa sababu ndio unaozuia kelele za nje. Usifupishe waya kwa nusu mita ati unaondoa mzigo. Koili na waya wake vimepimwa pamoja kiwandani, ukibadilisha kimoja umeharibu mizani ya kingine. Kama kosa liko mdomoni mwa koili, ambako waya mara nyingi umezamishwa kwenye gundi ngumu, hapo ndipo neno la fundi linaanza kuwa na ukweli.

Ufa kwenye koili siyo kifo. Ikaushe kivulini siku mbili tatu, piga msasa laini kandokando ya ufa, futa kwa spiriti, jaza epoksi ya mirija miwili iliyo angavu. Ile ya kijivu inayouzwa kwa kuunga vyuma ina unga wa chuma ndani, na ukiitumia koili italia milele. Na ukichungulia ndani ya ufa ukaona rangi nyeusi kama masizi, usiikwangue. Koili nyingi zimepakwa grafaiti makusudi kuzuia kelele za umeme tuli wa nyasi. Wanaoisafisha wanashangaa kwa nini mashine imekuwa na woga wa majani.

Bolti ya koili ikipotea, usiweke ya chuma hata kwa siku moja. Tafuta ya nailoni. Zile washa za mpira, pete zinazobana koili kwenye fimbo, zikilika na koili ikaanza kulala yenyewe, kata nyingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, mbili kila upande, toboa tundu dogo kuliko bolti ili zibane.

Betri sitazimalizia wino. Usichanganye mpya na za zamani, moja dhaifu inazivuta zote. Za kawaida zina volti 1.5 na za kuchaji 1.2, kwa hiyo mashine ya betri nane inapata 12 au 9.6, na baadhi zitakuambia chaji imepungua wakati ndiyo kwanza umeziweka. Unga mweupe kwenye vibati unafutwa kwa siki kidogo, kisha spiriti, kisha msasa laini.

Hedifoni zinastahili muda zaidi, kwa sababu mlio wa dhahabu ndogo ni mnong'ono. Siyo kengele. Ni mlio wa msingi, ule mdogo unaosikika muda wote, uliopanda kidogo na kushuka, kama mtu amevuta pumzi, na hedifoni inayokatakata itaumeza. Inavunjika pale pale daima, juu ya plagi. Kata waya sentimita 5 juu ya plagi ya zamani. Kabla ya yote, pitisha kifuniko cha plagi mpya kwenye waya; asiyefanya hivyo atalehemu vizuri, atafurahi, halafu atabomoa aanze upya. Menya sentimita 1.5. Utakuta nyuzi za shaba zenye rangi nyekundu na kijani au buluu, pamoja na za rangi ya shaba yenyewe. Rangi hiyo ni vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Ndiyo maana kuzisokota tu hakufanyi kazi. Pitisha ncha za nyuzi kwenye moto wa kiberiti sekunde moja, futa masizi, zipake risasi kwa chuma cha kulehemu hadi zing'ae. Shaba tupu inakwenda kwenye mwili wa plagi, nyekundu na mwenzake kwenye ncha na pete. Tundu la mashine likiwa la sikio moja, unganisha hizo mbili pamoja kwenye ncha. Kabla ya kufunga, pima kwa mita ya umeme kati ya ncha na mwili: omu kadhaa hadi mia na kitu ni salama, na utasikia mkwaruzo masikioni. Sifuri maana yake nyuzi zimegusana, kimya maana yake vanishi haikutoka.

Mashine ikishapona, itengenezee kipimo. Chukua kadi ya plastiki, gundisha katikati yake kipande kidogo cha dhahabu cha gramu 0.2, au gololi ndogo ya risasi kama dhahabu inakuuma. Ipitishe mbele ya koili hewani, uiweke mbali polepole mpaka mlio uishe. Andika nyuma ya kadi umbali kwa sentimita, koili gani, usikivu namba ngapi. Tuseme ni sentimita 8. Siku mashine itakapokutia shaka, rudia kwa namba zilezile. Ikisoma 8, nyamaza uendelee na kazi. Bila kadi hii unabishana na hisia zako.

Sasa ardhi. Mashine za dhahabu za VLF, zile zinazotuma mawimbi bila kusimama, zinapiga masafa ya juu kuliko VLF za kawaida, Gold Monster 1000 iko kilohezi 45 na Gold Bug 2 iko 71, kwa sababu umeme unaozunguka ndani ya punje ndogo unakufa haraka na masafa ya chini hayauwahi. Gharama yake ni kwamba udongo wenye chuma nao unasikika sana. Mashine za mipigo, ambazo hutuma umeme, husubiri kidogo, kisha husikiliza, huvumilia udongo huo vizuri zaidi. Kusawazisha VLF kwa mkono: tafuta mahali pasipo na mlio wa chuma, shusha koili hadi sentimita 3, ipandishe hadi 30, rudia bila kusimama. Katika mashine nyingi, mlio wa msingi ukipanda koili inaposhuka, punguza namba ya usawazisho, ukizama, ongeza, hadi usibadilike kwenda wala kurudi. Rudia kila rangi ya udongo inapobadilika. Usikivu nao usiujaze. Mashine iliyo kimya kwenye namba 6 inaona zaidi kuliko inayopiga makelele kwenye 10.

Koili iteleze karibu kabisa na ardhi, sambamba nayo hadi mwisho wa mfagio, siyo inyanyuke pembeni kama anayekata nyasi. Punje ikiwa mbali na koili, umbali ukiongezeka mara mbili mlio unabaki takriban sehemu moja ya 64, kwa hiyo sentimita 2 unazozichezea pembeni ndizo zilizokuwa na dhahabu. Mfagio wa mita moja uchukue sekunde mbili hadi tatu, na unaofuata ulalie nusu ya uliopita.

Mlio ukipatikana, pita kwa msalaba. Ukisikika pande zote mbili, chimba, na usiulize kichujio cha kutenga chuma kinasemaje: kwenye udongo mwekundu, punje ndogo husomwa kama chuma. Risasi na dhahabu zinasikika sawa, hakuna sikio la kuzitenganisha. Ukichimba, chota kwa kichoteo cha plastiki, pitisha juu ya koili. Kikilia, mwaga nusu mkononi, pitisha tena, hadi ubaki na vumbi la kijiko. Dondoshea hilo juu ya koili taratibu. Kitu kitagonga "tak". Sumaku ikikinyakua, ni chuma, siyo dhahabu.

Kuna wanaotembea na ndoto ya kile kipande cha kilo 27 kilichopatikana kwa ditekta mwaka 1980 karibu na Kingower, Australia. Sawa, lakini mashine yako ipange kwa ajili ya gramu 0.2, kubwa itapiga kelele yenyewe.

Kwa msomaji aliyeandika: fuata mpangilio huu, mfuniko, waya, plagi, halafu kadi. Kama baada ya yote kadi inasoma sentimita 3 na ukigonga koili bado inalia, basi fundi alikuwa sahihi. Nunua nyingine, ila ya zamani usiitupe. Kata plagi yake pamoja na sentimita 20 za waya, vua mfuniko, toa bolti na washa, uviweke kwenye mfuko mmoja na kadi.