Spika za IST zinakwaruza, nina laki moja na nusu

SWALI: Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Spika za milango ya mbele zimeanza kukwaruza, na ya kushoto hukatika nikibamiza mlango. Fundi mmoja wa Kariakoo ananishauri ninunue zilizoandikwa wati 600, mwingine anasema nibadilishe zote nne. Mfukoni nina shilingi 150,000, na hela ya ufundi imo humo humo. Ninunue zipi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji wa Tabata, usinunue kitu kabla hujajua kinachoumwa. Spika inayokatika mlango ukibamizwa, mara nyingi shida ni waya. Waya huo hupita kwenye bomba la mpira karibu na bawaba na hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, hadi nyuzi za shaba zinakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Fungua kava la mlango, chomoa spika, kisha ipime kwa mita ya umeme upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Spika ya omu 4 ikiwa nzima husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kabisa, koili (waya mwembamba uliozungushwa ndani ya spika) imekatika. Kama huna mita, hamishia spika ya kulia kwenye mlango wa kushoto. Nayo ikikatika, kilichokufa ni waya, na dawa yake ni kipande kipya cha waya tu.

Kukwaruza ni jambo jingine. Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya karatasi ya spika, ibonyeze taratibu pande zote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili imeungua, au sumaku imeota kutu, na vinagusana. Hiyo haitengenezeki kwa gharama ya maana. Tazama pia ukingo wake: ukiwa wa sponji na unamegeka kama keki kavu, umri wake umekwisha.

Sasa wati 600. Tunaomba wasomaji wetu wote waache kununua spika kwa namba hiyo. Redio ya kawaida ya gari, hata iliyoandikwa 50 mara 4, hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, kwa sababu umeme wa gari ni volti 14 hivi na redio haina amplifaya kubwa ndani. Namba mbili ndizo za kusoma kwenye boksi. Ya kwanza ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo: 30 hadi 60 zinakutosha. Ya pili, ambayo wauzaji wengi hawaitaji, ni dB (desibeli), yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ile ile. Kila dB 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili. Spika ya dB 91 ikila wati 20 itasikika sawa na ya dB 88 inayokula wati 40, na hizo 40 redio yako haina. Tafuta ya dB 90 au zaidi.

Kwa bajeti yako, nunua jozi moja tu, ya mbele, yenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) katikati ya koni, ile karatasi ya spika. Zile ambazo twita imetengwa zinataka kutobolewa tundu na kupitishiwa waya mwingine, na hela yako itaishia hapo. Tenga kama laki moja kwa spika na elfu hamsini kwa ringi ya kushikia spika, waya na ufundi. Za nyuma ziache zilivyo, punguza sauti yake kwenye redio. Anayeendesha anasikiliza za mbele.

Nenda dukani na spika ya zamani mkononi. Inchi sita na nusu ndiyo saizi ya milango mingi ya Toyota, lakini pima, usikisie. Shusha kioo mpaka mwisho kabla ya kupima kina cha tundu, kwa sababu sumaku ndefu itagongana na kioo siku ya kwanza ukikishusha. Dukani, vua ule mpira mweusi uliofunika sumaku. Spika nyingi za bandia huvalishwa mpira mkubwa huku sumaku ya ndani ikiwa ndogo kama kifuniko cha soda. Iweke kiganjani pia, usikie uzito wake.

Kwenye Toyota nyingi spika ya kiwandani na fremu yake ya plastiki ni kitu kimoja, na imefungwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma visivyofunguka kwa bisibisi. Fundi atazitoboa kwa drili, kisha utahitaji ringi ya kushikia spika mpya. Chukua ya plastiki. Ya mbao iliyosagwa hunywa maji ya mvua na kuvimba, labda uipake rangi ya mafuta pande zote. Bandika ukanda wa sponji kati ya ringi na bati, maana hewa ya mbele ya koni ikikutana na ya nyuma, besi inapotea. Na ile nailoni iliyo nyuma ya kava irudishwe na ibandikwe vizuri. Mafundi wengi huichana na kuitupa, halafu masika yakifika maji yanamwagikia spika na kulowesha zulia.

Mwisho, chanya na hasi. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya za spika kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, koni inasogea nje. Spika moja ikiunganishwa kinyume, zote zinalia lakini besi haipo, na watu huenda kulaumu spika.

SWALI: Nimefunga spika nane kwenye daladala, mbili kwa kila waya wa redio. Inapiga vizuri dakika kumi, halafu redio inajizima.
Dereva, Gongo la Mboto

JIBU: Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2, na redio nyingi zimetengenezwa kwa omu 4 hadi 8. Inapata moto, inajizima kujiokoa. Ziunganishe kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, upate omu 8. Sauti itapungua kidogo, redio itapona. Ukitaka sauti zaidi, nunua amplifaya. Kagua pia kama kuna waya hasi wa spika uliofungwa kwenye bodi ya gari. Huo unaua redio, kwa hiyo kila spika irudishiwe waya zake mbili.

SWALI: Naishi Kigamboni karibu na bahari. Koni ya karatasi au ya plastiki?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Plastiki, yenye ukingo wa mpira. Viungo vya waya vilehemu kwa risasi na uvivalishe mpira unaobana kwa joto. Tepu huachia gundi kwenye joto la mlango, na hewa ya chumvi inaingia.