Jibu: Usinyamazishe onyo la PHPStan kwa mradi mzima

Mkuu, umesema PHPStan (zana inayokagua msimbo wa PHP bila kuuendesha) inakumwagia mamia ya "Variable might not be defined", yaani veriabo huenda haijapewa thamani, kutoka kwenye faili za kurasa, bosi anataka ripoti safi, na unafikiria kuandika kanuni moja ya kuufuta ujumbe huo mradi mzima. Nakuomba usiiandike. Mimi niliiandika, na waliolipa ni watu wengine.

Tulikuwa wawili kwenye kiofisi huku Arusha, tukitunza mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya upande wa Moshi. PHP ya zamani: kurasa zinapokea veriabo kutoka kwa kontrola (faili nyingine inayoandaa data), kwa hiyo PHPStan ikisoma faili ya ukurasa peke yake haioni veriabo ilikotoka, inalalamika. Kwa faili zile, kelele zilikuwa kelele kweli. Nikaweka hivi kwenye phpstan.neon, faili ya mipangilio yake:

ignoreErrors:
    - '#might not be defined#'

Ripoti ikawa nyeupe, nikafurahi.

Miezi kadhaa baadaye mwenzangu akagusa hesabu ya riba. Mkopo unaozidi miezi 12 una kiwango chake, ulio chini ya miezi 12 una chake. Wa miezi 12 kamili ukakosa pa kwenda. $riba haikupewa thamani, PHP ikaihesabu kuwa null (hakuna kitu), na null ukiizidisha kwa mkopo unapata sifuri. PHP 8 ilitoa onyo kwenye logi, lakini logi ile hakuna aliyekuwa anaifungua. PHPStan nayo ililiona kosa siku lilipoandikwa, kwa maneno yaleyale niliyokuwa nimeiamuru iyanyamazie.

Aliyegundua ni mhasibu wao, mama mmoja ambaye hakuwahi kuacha daftari lake. Nilipanda Coaster mpaka Moshi, kilomita 80 hivi, tukakaa siku nzima tukilinganisha mkopo mmoja mmoja. Wapo waliokuwa wameshamaliza kulipa, wakaambiwa wamemaliza. Kumrudia mkulima wa kahawa na kumwambia bado ana deni la riba ni jambo zito, na bado linaniuma.

Sasa kanuni ile tumeibana hivi:

ignoreErrors:
    -
        identifier: variable.undefined
        path: app/Views/*

Neno "identifier", yaani jina la aina ya onyo, linakubaliwa hapo kuanzia toleo la 1.11, la mwaka 2024. Kilichobadilika ni mahali: onyo linanyamaza kwenye folda ya kurasa tu, na darasa la kukokotoa riba linabaki likilindwa. Kama kurasa zako si nyingi, acha hata hiyo. Weka juu ya kila faili /** @var string $jina */ kwa kila veriabo. Hapo hunyamazishi chochote, unaieleza PHPStan ukweli, na anayekuja baada yako anajua ukurasa unahitaji nini.

Kabla hujahifadhi kanuni yoyote, endesha uchambuzi bila hiyo kanuni, kisha ukiwa nayo, uhesabu tofauti. Ukitegemea yapungue maonyo 40 na yakapungua 47, yale 7 yasome yote kwa macho yako. Mimi ningefanya hivyo tu, ningeshtuka mapema kwamba kanuni yangu inakula hadi nje ya kurasa. Pale unaponyamazisha onyo kwenye faili moja, ongeza na "count": ukiandika 3 na likatokea la nne, PHPStan inapiga kelele.

Kwa makosa ya urithi kuna --generate-baseline, inayoyaorodhesha makosa yaliyopo kwenye faili moja ili yasiripotiwe tena, ni nzuri. Ila sisi tulikubaliana faili lile lipungue tu. Ukilizalisha upya kila mtu anapokutana na onyo, unazika makosa mapya pamoja na ya zamani. Na reportUnmatchedIgnoredErrors iache kama ilivyo. Ndiyo inayokuambia kanuni fulani haina kazi tena, uifute.

Bosi mwambie ripoti itakuwa safi kwenye kurasa wiki hii, na kwenye hesabu za fedha itaonyesha kila kitu mpaka kirekebishwe. Wa kwetu alielewa nilipomwonyesha daftari la yule mama.

Weka hapa phpstan.neon yako, ondoa kwanza chochote kinachomtaja mteja, tuibane pamoja.