Asturlabu ya Kairo ingefaa Mombasa?

Swali: Nimesoma kuwa asturlabu, kile chombo cha shaba cha kupimia nyota, ilitaja saa usiku na mchana. Msafiri wa karne ya 14 aliyetoka nayo Kairo angeweza kuitumia Mombasa?

Jibu: Nusu yake, ndiyo. Upande wa nyuma ungemfaa popote. Hapo kuna duara lililogawanywa kwa nyuzi, na kijiti cha kulengea. Unaining'iniza kwenye kidole gumba, ikitulia wima unalenga nyota kupitia vitundu viwili, kisha unasoma iko nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho. (Jua usilitazame! Geuza kijiti mpaka mwanga wa tundu la juu uangukie tundu la chini.)

Shida iko mbele. Kuna sahani yenye mistari ya upeo na ya vimo vya nyota, na juu yake wavu wa shaba wenye ncha, kila ncha nyota moja. Waarabu waliuita ankabut, yaani buibui. Wavu ni mbingu, nao huzunguka. Sahani ni mahali uliposimama, nayo haisogei. Zungusha wavu mpaka ncha ya nyota yako ikae kwenye kimo ulichopima, kisha tazama mahali pa Jua la siku hiyo katika duara la buruji, yaani njia ya Jua ya mwaka iliyochorwa kwenye wavu: ukingoni pamegawanywa kwa nyuzi, kila nyuzi 15 saa moja.

Sasa Kairo iko nyuzi 30 kaskazini, Mombasa nyuzi 4 kusini. Tuseme ni siku ambayo usiku na mchana vimelingana, na alasiri umelipima Jua ukapata nyuzi 30. Sahani ya Kairo itakwambia saa tisa na dakika 39. Kwa Jua la Mombasa ni saa kumi. Dakika 21 si haba, muulize mwadhini.

Mafundi walilijua hilo, ndiyo maana chombo kimoja kilibeba sahani kadhaa, kila moja ya latitudo yake. Ya Mombasa inachoreka, ila ina sura ya ajabu. Mstari wa upeo, ambao kwa Kairo ni tao, hunyooka kadiri unavyoikaribia ikweta. Ikwetani kwenyewe ni kama umepigwa kwa rula, na ukivuka unapindia upande wa pili. Wanafunzi wangu hawaamini mpaka wachore wenyewe.

Hata hivyo angeikosa Suheli, ile nyota angavu ya kusini (Canopus). Asturlabu ya kawaida inakomea nyuzi 23.5 kusini mwa ikweta ya mbingu (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), na Suheli iko zaidi ya nyuzi 50.

Kama mfukoni angekuwa na sahani aliyoibuni mnajimu az-Zarqali wa Toledo, Hispania, katika karne ya 11, asingebadili kitu: ile ilichorwa kwa latitudo zote, japo kuitumia kunataka subira zaidi.