Kuwinda fotoni adimu za milipuko ya miale ya gama: maswali yenu

Mlipuko wa miale ya gama ni nini hasa?

Ni mmweko mkali wa miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kuliko mwingine wote, kutoka galaksi ya mbali, unaodumu kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika kadhaa. Setilaiti za Vela za Marekani, zilizokuwa zikichunga majaribio ya mabomu ya nyuklia, ziliunasa mara ya kwanza mwaka 1967. Milipuko mirefu huletwa na nyota kubwa inayojiporomokea. Mingi ya ile mifupi, na nyota mbili za nyutroni, mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa mno, zinazogongana.

Angahewa huzuia miale ya gama. Darubini za ardhini zinaona nini basi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikiwa ni ya mwanga wa kawaida ina nishati ya elektronivolti 2 au 3. Tunazozitafuta zina zaidi ya bilioni 100, nazo ni adimu mno kwa kifaa kidogo cha setilaiti. Kwa hiyo angahewa yenyewe hugeuzwa kuwa mtego. Fotoni ikigonga hewa huzaa elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), nazo huzaa nyingine, mpaka inashuka mvua ya chembe. Chembe hizo hukimbia kuliko mwanga unavyokimbia hewani, zikaacha mmweko wa buluu uitwao mwanga wa Cherenkov, unaodumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Kwenye kamera ya darubini huonekana doa jembamba lililolala kuelekea fotoni ilikotoka. Protoni kutoka angani nazo huacha madoa, tena mengi zaidi, ila hayana umbo nadhifu. Kuyachambua ndiyo nusu ya kazi.

Mbona ushahidi thabiti wa fotoni hizi kutoka kwenye milipuko ulichelewa hadi 2019?

Mlipuko hautoi taarifa, na darubini hizi hutazama kipande kidogo cha anga, usiku wenye giza tu. Tena fotoni za nishati hii zikisafiri mbali hukutana na mwanga wa nyota uliotapakaa kati ya galaksi na kumezwa njiani. Ndiyo maana darubini za MAGIC, kisiwani La Palma, ziliundwa nyepesi ili zigeuke upesi. Januari 14, 2019 zilianza kuutazama mlipuko uitwao GRB 190114C (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama) takriban dakika moja baada ya setilaiti kuunasa, zikaona fotoni zinazofikia elektronivolti trilioni 1.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na kazi ya wanasayansi wa H.E.S.S., darubini nyingine za Cherenkov kule Namibia. Walielekeza darubini kwenye GRB 180720B saa 10 baada ya mlipuko, wakati wengi wangesema umezimika, na fotoni zilikuwa bado zinakuja. Subira ililipa kuliko mbio.

Wakitazama na kukosa, usiku umepotea?

Hata kidogo. Kukosa kunaonyesha mwanga haukuzidi kiwango fulani, na kiwango hicho huangusha nadharia zilizotabiri zaidi. Kwa miaka mingi hayo ndiyo yalikuwa mavuno, na bila hayo tusingejua pa kuelekea.

Mlipuko mkali wa 2022 ulionekanaje?

Oktoba 9, 2022, mbalamwezi ilikuwa kamili na darubini nyingi za Cherenkov zilizuiwa na mwanga wake. LHAASO, kituo cha China kilicho mita 4,410 juu ya usawa wa bahari, hupokea chembe zenyewe zinazofika chini, mchana na usiku. Ilinasa zaidi ya fotoni 60,000 kutoka GRB 221009A.

Ulituletea madhara?

Hapana. Uliitikisa kidogo ayonosfea, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, basi.

Fotoni hizo hupataje nguvu yote hiyo?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba elektroni zinazozunguka katika usumaku hutoa mwanga, kisha huugonga mwanga huohuo na kuupandisha nishati. Yanaelezea vizuri GRB 190114C. Kwa GRB 190829A, ambao H.E.S.S. iliufuatilia usiku tatu, eksirei na miale ya gama vilififia kwa mwendo uleule, jambo ambalo maelezo hayo katika hali yake rahisi hayalitimizi. Mabishano yanaendelea, na yataamuliwa na milipuko mingine ya karibu kama huo.