Yogati za fleva ni maziwa au soda nyeupe? Naongea kama mpika mtindi wa Ngamiani

Mkuu, nimepita nimeona ulivyojibiwa, mmoja kasema hizo yogati za kunywa za stroberi ni soda nyeupe tu, mwingine kasema ni dawa ya kila kitu kuanzia vidonda vya tumbo mpaka kitambi. Na wewe ulichouliza ni kidogo tu, mkeo mjamzito anamaliza chupa mbili kwa siku, na mtoto wa shemeji yako wa miezi 8 mnayeishi naye anachovyewa kijiko, je mnafaidika au mnajiumiza. Mie napika mtindi wa fleva hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa saba huu, nauza vikombe kwa watoto wa chuo, mafundi na watu wa stendi, na Ramadhani ikiingia ndo silali kabisa. Kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyonikuta mwenyewe jikoni, mengine ananipa mwanangu anayesoma mambo ya chakula kule Morogoro.

Naanza na aibu yangu. Nilipoanza jirani alinifundisha, lita 10 za maziwa unatia kilo 1 ya sukari, rangi kidogo, fleva kidogo, biashara inatembea. Na kweli ikatembea. Sasa bi mkubwa wangu ana sukari, anatumia vidonge miaka mingi, na soda kaacha kabisa, hata chai anakunywa ya rangi isiyo na kitu. Akienda kliniki kipimo kinakuja juu, anarudi kaninunia kwamba vidonge havifanyi kazi. Mara ya tatu nesi akamuuliza mama kwa siku unakunywa nini na nini, akasema maji, chai kavu, na mtindi wa mwanangu vikombe viwili kwa ajili ya mifupa. Yani mie ndo nilikuwa namlisha! Anafungua friji langu anajichukulia, na mimi naona raha mama anakunywa maziwa.

Usiku ule nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Kilo 1 kwenye lita 10 maana yake gramu 100 kwa lita, kikombe changu ni mililita 300, kwa hiyo gramu 30 za sukari, kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4, ni vijiko saba na nusu. Kwa kikombe kimoja. Soda za kawaida nazo zinacheza kwenye gramu 10 au 11 kila mililita 100, kwa hiyo huyo aliyekuambia soda nyeupe, kwa mtindi wangu wa wakati ule, alikuwa sawa. Shirika la Afya Duniani wanasema sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ndo bora zaidi. Mama yangu alikuwa anapiga 60 kwangu tu.

Ila hapa ndo siungani na yule mwenye soda nyeupe, maana soda ukitoa sukari yanabaki maji na gesi, mtindi ukitoa sukari yanabaki maziwa. Kikombe changu kile kile cha mililita 300 kina protini kama gramu 9 au 10, hiyo ni kama yai moja na nusu, na kalsiamu inafika kama theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na zile vitamini za B mle mle. Fundi anayeshinda juani hajala kitu toka asubuhi akinywa kikombe anakaa mpaka saa nane, soda haimfanyii hivyo. Faida iko kwenye maziwa na kwenye kule kuganda, hiyo fleva haiongezi chochote ni kunusa tu. Stroberi yenyewe hapa mjini utaiona wapi, labda upande Lushoto, kwenye chupa nyingi ni harufu na rangi.

Kuganda nako watu hawakuelewi. Bakteria wa mtindi wanakula sukari ya asili ya maziwa, ile laktosi, wanatoa asidi, asidi ndo inagandisha na kuleta uchachu. Mume wangu akinywa maziwa freshi tumbo linanguruma kama daladala ya Pongwe inapanda mlima, mtindi anakunywa lita nzima hana neno. Wengi wetu tukishakua tumbo linapunguza kile kimeng'enyo cha kuvunja laktosi, sasa mtindi laktosi yake imeshapungua na wale bakteria wenyewe wanaingia na kimeng'enyo chao wanakusaidia kazi huko ndani. Hili sio maneno ya vijiweni, Ulaya mamlaka yao ya usalama wa chakula mwaka 2010 waliyachuja madai ya yogati na hili la laktosi wakalikubali, kwa sharti bakteria wawe hai na wawe wengi.

Hapo kwenye HAI ndo pa kuangalia. Zile chupa au pakiti zinazokaa dukani miezi nje ya friji, mara nyingi baada ya kuganda zinapigwa moto tena ili zisiharibike, na moto unaua bakteria. Protini ipo, kalsiamu ipo, ila hao wa kukusaidia tumbo hawapo tena. Kipimo changu cha kienyeji, chukua vijiko viwili vya hiyo yogati utie kama mbegu kwenye nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa mpaka kidole kinavumilia, funika, funga na kanga nzito, acha usiku kucha. Asubuhi yakiganda vizuri yana uchachu msafi, basi bakteria wapo. Yakibaki maji maji, hao walishakufa zamani.

Kuhusu vidonda vya tumbo, mkuu usimdanganye mtu. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria mwingine anaitwa Helicobacter pylori au na kumeza sana dawa za maumivu, vinataka vipimo na dawa, mtindi unapoza tu kwa muda. Na kitambi ndo kabisaaa, kwa vijiko saba vya sukari kitapungua vipi?

Baada ya yale ya mama nikaamua kushusha sukari. Nilikosea nikashusha ghafla mpaka nusu kilo, wateja wakakimbia, kuna mtoto wa chuo alinirudishia kikombe akasema "bibi leo umesahau". Nikarudi kilo moja, alafu nikawa nashuka gramu 100 kila baada ya wiki mbili, hakuna aliyeshtuka. Saa hizi niko nusu kilo kwa lita 10, kikombe kina vijiko vinne kasoro, na utamu nausaidia na ndizi mbivu sana, iliki na vanila, maana pua nayo inaonja. Wa mama nautenga kabla sijatia kitu, naponda embe dodo kipande kidogo basi, na kliniki sasa hivi hawamgombezi.

Matunda nayo yana shule yake. Niliwahi kusaga nanasi lisilopikwa nikalitia moja kwa moja, jioni mtindi mchungu kama mwarobaini, lita 10 zikaenda chini. Nanasi na papai zikiwa hazijapitishwa motoni zina vimeng'enyo vinavyokatakata protini ya maziwa, lazima ulichemshe tunda kwanza, lipoe, ndo uchanganye. Embe nalo ukilitia bila kulipitisha motoni linaingia na hamira zake za asili, umeme ukikatika siku nzima na joto letu hili, vifuniko vinavimba kama puto. Chupa ya yogati iliyovimba usinywe, hata kama ni ya kiwandani na tarehe bado.

Na maziwa lazima yachemshwe kabla ya kugandishwa. Wapo wanaosema uchachu unaua kila kitu, sio kweli, bruselosi (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kupita na maziwa mabichi, na uchachu peke yake hauaminiki. Kwa mjamzito hili ndo la kwanza kabla hata ya sukari, kwa sababu bruselosi inaweza kuharibu mimba.

Sasa lako. Geuza lebo nyuma, tafuta sukari kwa mililita 100. Usihesabu yote kuwa ni ya kuongezwa, maana humo kuna laktosi ya maziwa yenyewe kama gramu 4, inayozidi hapo ndo wametia wao. Tuseme imeandikwa 12, toa 4 inabaki 8, chupa ya nusu lita ni gramu 40, vijiko kumi, na mkeo anakunywa mbili. Ni nyingi mno kwa mjamzito, hata kama sukari yake haijawahi kusumbua. Usimkataze maziwa, nunua mtindi mtupu, maana kwa mji huu wa maziwa haukosekani kona yoyote, umchanganyie nusu kwa nusu na hiyo ya fleva, wiki ya pili hiyo ya fleva iwe robo. Anaweza asigundue.

Mtoto wa miezi 8 hiyo ya stroberi muachisheni. Mtindi mtupu uliotoka kwenye maziwa yaliyochemshwa anaweza kupewa vijiko kadhaa kwenye uji au na ndizi iliyopondwa, ila usichukue nafasi ya ziwa la mama, na sukari ya kuongeza umri huo hahitaji hata chembe.

Kingine umeandika mkeo anateremshia vidonge vya damu na hiyo hiyo yogati kwa sababu vinamtia kichefuchefu. Kalsiamu inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, yani faida ya vidonge inapungua. Avimeze na maji au juisi ya chungwa, yogati isubiri kama masaa mawili hivi, na kichefuchefu kikizidi aseme kliniki wamuelekeze namna ya kuvinywa.